Uwatu na Sukari ya Damu: Viambato, Kipimo na Umbo la Matumizi

Uwatu (Trigonella foenum-graecum) ni mmea wa jamii ya kunde ambao mbegu zake zimetumika kwa karne nyingi kuanzia Bara Hindi hadi nchi za Mediterania. Katika pwani ya Afrika Mashariki mbegu hizo hutiwa katika achari na mchuzi, na mama aliyejifungua hupikiwa uji wake ili maziwa yatoke. Siku hizi huuzwa pia kama dawa ya kisukari. Makala haya yanaeleza viambato vinavyohusishwa na kazi hiyo. Hoja yake ni kwamba swali linalomhusu mtunga sera si iwapo uwatu una manufaa, bali ni kwa kipimo gani na katika umbo gani.

Kiambato kinachoeleweka zaidi ni galaktomanani, aina ya nyuzilishe inayoyeyuka katika maji. Ute mzito unaojitokeza mbegu zinapolowekwa usiku kucha hutokana nayo. Ute huo huchelewesha chakula kutoka tumboni na kupunguza kasi ya sukari kufyonzwa katika utumbo mdogo, hivyo sukari ya damu hupanda polepole baada ya mlo. Hapa hapana muujiza. Nyuzilishe za shayiri hufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Kiambato cha pili ni asidi amino iitwayo 4-hidroksiisolusini, ambayo ni adimu katika mimea mingine. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba huchochea kongosho kutoa insulini, lakini pale tu glukosi inapokuwa juu. Sifa hii ina uzito, kwa sababu baadhi ya vidonge vya kisukari huchochea insulini hata sukari ikiwa imeshuka. Trigonelini, ambayo imo pia katika kahawa, na diosijenini hutajwa mara nyingi katika matangazo, ingawa ushahidi wake mwingi unatokana na wanyama wa maabara.

Suala la kipimo ndilo linalopuuzwa zaidi. Katika jaribio la Hyderabad, India, lililochapishwa mwaka 1990, wagonjwa wa kisukari aina ya 1 walipewa gramu 100 kwa siku za unga wa uwatu ulioondolewa mafuta, ukichanganywa katika milo miwili. Sukari iliyotoka katika mkojo kwa saa 24 ilipungua kwa asilimia 54. Matokeo hayo ni makubwa, lakini wagonjwa walikuwa wachache na muda ulikuwa mfupi. Isitoshe, kijiko kimoja cha chai cha mbegu hakizidi sana gramu 4. Majaribio mengine yametumia gramu 5 hadi 25, kiasi ambacho bado kinapita kile kinachotiwa katika mchuzi wa familia nzima.

Kipimo kikubwa nacho kina gharama yake. Uwatu ukiongezwa juu ya insulini au vidonge, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mtumiaji wa wafarini huweza kuvuja damu, mwenye mzio wa karanga au dengu huweza kudhurika, na mjamzito hashauriwi kuzidisha kiasi cha kawaida cha chakula. Hatari kubwa kuliko hizo ni ya mgonjwa anayeacha insulini kwa kuamini unga wa dukani.

Umbo la matumizi pia lina uzito wake. Mwaka 2011 mlipuko wa bakteria aina ya E. koli nchini Ujerumani uliua watu zaidi ya 50. Uchunguzi ulihusisha chipukizi za uwatu zilizooteshwa kutokana na mbegu zilizoagizwa kutoka Misri. Moto wa jikoni huua vimelea hivyo, ilhali mbegu zilizolowekwa na kumezwa mbichi, kama wauzaji wengi wanavyoelekeza, hazipiti motoni.

Kwa mamlaka za chakula na dawa za kanda hii, hatua za kuanzia hazihitaji maabara ya gharama kubwa: lebo itaje gramu kwa kila kipimo na ionye kuhusu dawa zinazoingiliana na uwatu, neno «hutibu kisukari» liondolewe, na mhudumu wa kliniki ya kisukari aulize, bila kukemea, mgonjwa anatumia mitishamba gani na kwa kiasi gani.