Pemba wagawana: Kosa la Yanga ni kubadili wachezaji au kubadili makocha?

CHAKE CHAKE. KAA kwenye baraza lolote la kahawa mjini hapa siku hizi, hasa baada ya swala ya Isha. Kikombe cha pili hakiishi kabla hujasikia jina la Romain Folz. Kocha huyo Mfaransa alishatimuliwa Yanga tangu Oktoba 18, 2025, lakini mjini Chake bado hajaondoka.

Ubishi ni mmoja tu: ile pangua pangua yake ya kikosi ndiyo iliyoiponza timu, au jamaa hakupewa muda?

Upande mmoja wapo wanaoapa kuwa timu yenye nyota wengi kiasi kile haihitaji kubadilishwa kila mechi. Upande wa pili wapo wanaosema kocha alifanya kazi yake, ila mashabiki wa Yanga wameshazoea kushinda mpaka wamesahau kusubiri. Katikati wamekaa watani zao wa Simba, wanakunywa kahawa taratibu na kuchochea kuni.

Mtu asiyeijua Pemba anaweza kudhani haya ni mambo ya watu wa Dar es Salaam, kisiwani yanahusu nini? Yanahusu sana. Mei 1, 2025 Yanga ilibeba Kombe la Muungano hapahapa Uwanja wa Gombani, ikiifunga JKU bao 1-0 kwenye fainali. Mashabiki waliokuwa wanaiona kwenye runinga za vibanda umiza waliishuhudia kwa macho yao, ikiwa na kombe mkononi. Wiki chache baadaye ikamaliza msimu na ubingwa wa Ligi Kuu Bara kwa mara ya nne mfululizo, kisha ikachukua Kombe la Shirikisho pale New Amaan, Unguja.

Timu iliyoondoka Gombani ikishangiliwa, miezi mitano baadaye inafungwa Lilongwe na kocha anafukuzwa siku hiyohiyo. Lazima watu waulize imekuwaje.

MECHI TANO, SIKU 15

Wanaomtetea Folz huanza na kalenda, na hapo wanakuwa na hoja nzito.

Septemba 16 Yanga ilicheza na Simba mechi ya Ngao ya Jamii na kushinda 1-0 kwa bao la Pacome Zouzoua. Septemba 19 ilikuwa Luanda, Angola, ikaichapa Wiliete 3-0 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Septemba 24 ikaifunga Pamba Jiji 3-0 kwenye ligi. Septemba 27 ikarudiana na Wiliete na kushinda 2-0. Septemba 30 ikawa Mbeya, ikatoka suluhu na Mbeya City.

Hesabu ni rahisi. Mechi tano ndani ya siku 15, na katikati safari ya kutoka Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Atlantiki na kurudi. Kwa ratiba hiyo, kocha anayepanga wachezaji walewale 11 kila mechi anatafuta majeruhi. Misuli haijui kama mchezaji ni nyota au wa kawaida, ikichoka imechoka.

Halafu kuna hoja ya matokeo. Katika mechi sita za mashindano alizoiongoza Yanga, Folz alishinda nne, akatoka sare moja, akapoteza moja. Kuna timu kibao zingeuita mwanzo huo mzuri. Yanga wameuita mbovu.

KIKOSI CHA KUTAJA KWA KICHWA

Hapo ndipo upande wa pili nao unapoingia, na sauti inapanda. Swali linalorudi barazani ni hili: yakhe, timu gani hii huwezi kuitaja kwa kichwa?

Shabiki wa zamani anakitaja kikosi cha timu yake kuanzia kipa mpaka winga wa kushoto kama anahesabu watoto wake. Msimu wa 2025/26 wengi wakifika eneo la kiungo walikwama. Leo Moussa Balla Conte, kesho Duke Abuya, keshokutwa Mudathir Yahya, Mzanzibari mwenzao ambaye kila akikosekana kwenye karatasi ya kikosi, ubishi wa Pemba unaongezeka moto.

Wanaolalamika wanakumbusha pia kwamba timu hii ilikuwa imepoteza uti wa mgongo. Stephane Aziz Ki alikwenda Wydad ya Morocco. Khalid Aucho na Clatous Chama wakatua Singida Black Stars. Wakaja wageni kama Conte, Celestin Ecua, Lassine Kouma na Andy Boyeli. Watu wageni kwa wageni wanatakiwa wacheze pamoja wazoeane. Ukiwapangua kila baada ya siku tatu, watazoeana lini?

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu. Kubadili wachezaji wawili watatu kwenye timu iliyokomaa ni kupumzisha. Kubadili kwenye timu ambayo bado inajengwa ni kuanza upya kila siku. Hata ushindi ulipokuja, wengi hawakuona lile soka la “gusa achia twende kwao” walilolizoea msimu wa 2024/25. Mabao yalikuwepo, raha haikuwepo.

Na Oktoba 18 kisingizio cha uchovu kikapungua nguvu. Kutoka suluhu ya Mbeya hadi mechi ya Silver Strikers pale Lilongwe zilipita siku 18. Kweli baadhi ya wachezaji walikuwa na timu zao za taifa, lakini ratiba haikuwa tena ya mechi kila baada ya siku tatu. Yanga ikalala 1-0, na kabla usiku haujaingia vizuri klabu ikatangaza kuachana na Folz.

MWAKA 2024 KELELE NYINGINE

Lakini kwenye mabaraza kuna watu wenye kumbukumbu, na hao ndio wanaoharibu raha ya pande zote mbili.

Wanauliza: Novemba 2024 mlisemaje? Miguel Gamondi alikuwa ameshinda mechi nane za kwanza za ligi bila kuruhusu bao hata moja. Novemba 2 akafungwa 1-0 na Azam. Novemba 7 akafungwa 3-1 na Tabora United. Katikati ya mwezi huohuo akawa ameshafungashiwa virago. Wakati ule kelele zilikuwa wachezaji wamechoka, kocha abadilishe kikosi. Mwaka 2025 kocha kabadilisha, kelele zikawa kwa nini anabadilisha.

Baada ya Gamondi akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari kwenda CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Miloud Hamdi, akabeba makombe, naye akaondoka. Akaja Folz. Makocha wanne kwenye benchi moja ndani ya mwaka mmoja, kisha akaja wa tano, Mreno Pedro Goncalves, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Angola.

Watu wa Pemba ni watu wa bahari, wanajua manahodha wengi chombo huenda mrama. Msemo huo kwa kawaida unazungumzia manahodha wanaogombea usukani kwa wakati mmoja. Kwa Yanga wanapokezana mmoja mmoja, ila mrama ni uleule. Kila kocha mpya ana mazoezi yake, mfumo wake na wachezaji wake anaowaamini. Akija, kikosi kinapanguliwa upya hata kama yeye mwenyewe si mtu wa kupangua. Shabiki anayetaka kikosi cha kutaja kwa kichwa, halafu anashangilia kocha akifukuzwa kwa kufungwa mechi moja, anataka vitu viwili visivyokaa chungu kimoja.

Watani wasicheke sana. Simba nayo iliondokewa na Fadlu Davids Septemba, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, akaenda Raja ya Morocco, na nafasi yake ikachukuliwa na Dimitar Pantev.

WENYE BENCHI NA WASIO NALO

Kuna jambo moja wazee wa soka wa Wete na Chake hulisema kwa upole ubishi ukishapoa. Kubadili kikosi ni tatizo la tajiri. Klabu za Pemba zikiwa na mechi Unguja zinavuka bahari kwa boti, na kila mchezaji anayepanda ni gharama. Huko hakuna kocha anayelala akiwaza ampumzishe nani. Anawaza nani kapona, nani kapata ruhusa kazini. Anayefika bandarini ndiye anayecheza.

Ndiyo maana shabiki wa hapa anaumia mara mbili akiona timu yenye wachezaji wa kimataifa mpaka benchi inahangaika kupata 11. Anajua thamani ya kitu ambacho timu ya mtaani kwake haina.

Oktoba 25, chini ya Mmalawi Patrick Mabedi aliyeshika timu kwa muda, Yanga iliifunga Silver Strikers 2-0 na kusonga mbele kwa jumla ya mabao 2-1. Vibanda umiza vililipuka, na kwa usiku mmoja hakuna aliyeuliza nani kaanza na nani kakaa benchi.

Kesho yake asubuhi kahawa ikapikwa kama kawaida. Swali la kwanza barazani likawa: huyu Mreno naye atapanga kina nani?

La pili likawa: na tutampa mechi ngapi?