Wingu Limeonekana, Mvua Haijapimwa

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa bado kinazunguka baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na wavuvi wa mwambao wa kusini wakaambiwa wasitoke. Kimbunga kiliingia Mafia tarehe 4, na mvua yake ikaikata barabara ya Lindi hapo Somanga. Hasara ilikuwepo, lakini pwani haikushtukizwa kama ilivyoshtukizwa Unguja Aprili 1872, dhoruba ilipong'oa mikarafuu na kuvunja meli za Sultani Barghash, wala kama Lindi ilivyopigwa Aprili 1952. Wakati huo hapakuwa na jicho lolote juu ya bahari. Leo lipo: tangu 1998 Ulaya imekuwa ikiweka moja ya setilaiti zake za Meteosat juu ya Bahari ya Hindi, kilomita 36,000 juu ya ikweta. Inakwenda sambamba na mzunguko wa dunia, kwa hiyo hubaki juu ya eneo lile lile na kupiga picha kila baada ya dakika 15, usiku na mchana.

Mafanikio hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu yamezaa imani kwamba angani panatosha. Serikali ikishapata picha bure, ya nini kuendelea kumlipa mtu wa kusoma kipimamvua kila siku saa tatu asubuhi kijijini? Naamini fikra hiyo ni ya hatari. Thamani ya picha ya setilaiti kwa mkulima, mfugaji na mhandisi wa daraja inategemea kilichopimwa ardhini, na kadiri tunavyoacha vituo vya ardhini vife, ndivyo picha zenyewe zinavyopungua ukweli.

Tuanze na mvua, maana ndiyo inayotulisha. Meteosat haipimi mvua hata kidogo. Inapima joto la kilele cha wingu, na wataalamu hukisia yaliyo chini yake. Wingu lililopanda juu sana huwa baridi kileleni, na mara nyingi ni la mvua ya radi. Basi huhesabiwa saa ambazo eneo lilikaa chini ya wingu baridi, kisha saa hizo hugeuzwa kuwa milimita. Ni sawa na kukisia chumvi ya mchuzi kwa kutazama mvuke wa sufuria. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kimekuwa kikitumia njia hii kwa Afrika tangu miaka ya 1970, na kwenye tambarare za Sahel inafanya kazi vizuri. Lakini njoo Usambara, Uluguru au mwambao wetu wakati wa masika. Upepo wenye unyevu kutoka baharini hupanda ukingo wa mlima na kumwaga mvua nyingi kutoka mawingu mafupi ambayo vilele vyake havijafika kwenye baridi kali. Setilaiti huyaona kama mawingu ya kawaida tu. Kinyume chake, mawingu membamba ya juu kabisa, yaliyo baridi kuliko yote, hupita bila kudondosha tone. Kosa la namna hii husahihishwa na kipimamvua tu. Ndiyo maana takwimu za CHIRPS, zinazotumiwa sana kufuatilia ukame Afrika Mashariki na zinazorudi nyuma hadi 1981, huchanganya picha za mawingu na vipimo vya vituo. Penye vituo vichache, masahihisho nayo huwa haba.

Kwenye malisho hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu fedha za watu zimo ndani yake. Januari 2010 wafugaji wa Marsabit, Kenya, walianza kuuziwa bima iliyobuniwa na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa eneo, na ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, wenye bima wa eneo hilo hulipwa. Ni wazo la kuheshimiwa: kumtuma mkaguzi nyikani kwa ajili ya mbuzi watano kunaweza kugharimu kuliko fidia yenyewe. Hata hivyo ukijani si malisho. Mathenge, mti ulioletwa Kenya kuzuia jangwa na ambao sasa umevamia Baringo, Turkana na Tana River, hubaki kijani wakati wa kiangazi kwa sababu mizizi yake hufuata maji ya chini. Kwa setilaiti nchi inaweza kuonekana imestawi huku ng'ombe hana nyasi. Mfugaji aliyelipia bima halafu akaambiwa kwamba eneo lake halina ukame ana haki ya kuhisi ameonewa. Wa kumtetea ni mtu aliyekwenda pale na kuandika kilichopo.

Watakaopinga watasema teknolojia haijasimama. Ni kweli. Tangu Februari 2014 Marekani na Japani zina setilaiti ya pamoja yenye rada inayotazama matone ndani ya wingu. Lakini hiyo haikai mahali pamoja. Inapita na kwenda zake, na mvua ya saa moja inaweza kufurisha Jangwani, Dar es Salaam, kabla haijarudi. Tena usahihi wake wenyewe huhakikiwa kwa vipimo vya ardhini.

Wengine watasema hatuna fedha. Hoja hii naiheshimu zaidi, lakini haisimami. Kipimamvua cha kawaida ni chombo rahisi kisichohitaji umeme. Gharama ni mtu: posho yake, mafunzo yake na uhakika kwamba takwimu zake zinasomwa na mtu fulani. Mitambo ya kisasa inayojiendesha huletwa kwa fedha za miradi, na mradi ukiisha mingi hunyamaza kwa kukosa betri na fundi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limewahi kueleza kwamba mtandao wa vituo vya ardhini barani Afrika ni sehemu moja tu ya nane ya kiwango cha chini kinachohitajika. Pengo hilo halitazibwa na msaada wa miaka mitatu mitatu.

Kuna shule za msingi na zahanati karibu kila kata, na walimu wanaoweza kusoma milimita na kuzituma kwa simu. Halmashauri na kaunti ziwatengee posho ndogo katika bajeti zao za kudumu. Nao wabunge, watakapojadili bajeti mwezi Juni, wamuulize waziri husika swali moja: ni vituo vingapi vya mvua jimboni kwangu vilivyotuma takwimu mwezi uliopita?