Je, Wajua? Flashi Inayogoma Kufomatiwa

Je, wajua kwamba ule ujumbe wa Windows unaokutaka ufomati flashi kabla ya kuitumia haumaanishi kuwa flashi ni tupu? Mara nyingi kilichoharibika ni jedwali la mwanzo linaloonyesha kila faili imekaa wapi. Picha za harusi ya Msambweni, mawaidha yaliyorekodiwa msikitini, barua ya kuomba kazi iliyochapwa saiba ya Ukunda, vyote huenda bado vimo. Funga ujumbe huo bila kukubali. Ukikubali, na kufomati kukakwama katikati, utakuwa umejiongezea tatizo la pili.

Ndiyo maana fundi anayejali, ukimpelekea flashi inayogoma, hukuuliza kwanza kama kuna kitu chako unachokihitaji humo. Kikiwepo, kufomati kunasubiri. PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, haina haja na lile jedwali. Inapekua kumbukumbu nzima ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8. Majina ya faili hupotea lakini picha zenyewe hurudi. Zihifadhi kwenye kompyuta, usizirudishe kwenye flashi ileile, maana utaandika juu ya kile unachokitafuta.

Je, wajua kwamba taa ya flashi kuwaka si ushahidi kuwa ni nzima? Tazama ndani ya ncha yake. Kuna vibati vinne vya rangi ya dhahabu, na viwili vya pembeni vimerefuka kidogo kuliko viwili vya katikati. Vimetengenezwa hivyo kwa makusudi: vya pembeni hubeba umeme na hutakiwa kugusa mwanzo, vya katikati hubeba data. Uchafu ukishika vya katikati, taa itawaka vizuri huku kompyuta haioni kitu, au inaiona flashi kisha inaipoteza kazi ikiwa nusu. Hapo Windows hutangaza kwamba imeshindwa kukamilisha kufomati, na mwenye flashi huamini kumbukumbu imekufa.

Pwani ya kusini ya Kenya uchafu huu wa vibati ni tatizo kubwa kuliko bara. Chumvi huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe pindi unyevu wa hewa unapovuka takriban asilimia 75, na kuanzia Diani hadi Shimoni unyevu huvuka hapo usiku baada ya usiku. Ni sababu hiyohiyo inayofanya chumvi ya jikoni ishikane koponi. Kusi nayo ikivuma inapeperusha matone ya bahari mpaka ndani ya maduka na hoteli za ufukweni. Flashi inayoning'inia kwenye funguo za pikipiki mchana kutwa hukusanya chumvi hiyo, usiku chumvi inageuka maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme pasipotakiwa na kula metali ya vibati.

Kuna fundi wa kibanda pale Ukunda niliyemtazama akishughulikia flashi ya namna hii. Alichukua raba nyeupe ya shuleni, akasugua vibati taratibu kuelekea nje, akapuliza makombo. Akachovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha mara moja kila upande, akaiacha flashi ikauke huku akimhudumia mteja mwingine. Kisha akaichomeka nyuma ya kompyuta, sio mbele. Matundu ya nyuma yameunganishwa moja kwa moja na bodi kuu, ilhali ya mbele hutegemea waya mwembamba ambao aghalabu umechoka. Flashi ikasoma. Hakufomati chochote, na mwenyewe aliondoka na faili zake zote.

Je, wajua cha kufanya flashi ikianguka baharini? Usiichomeke popote. Isuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti ukiwa nayo, halafu iache ikauke kabisa mahali penye upepo, siku kadhaa. Chipu ya kumbukumbu huvumilia maji ikiwa haina umeme. Kinachoiua ni umeme kupita wakati bado kuna chumvi ndani. Kuizika kwenye mchele hakusaidii, kwa kuwa mchele hauondoi chumvi.

Je, wajua kwamba flashi inaweza kujifunga yenyewe? Hili ndilo chimbuko la kesi nyingi za kugoma, na ni vyema likaeleweka. Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba, na ikatangazwa mwaka 1984. Data hukaa kama elektroni zilizonaswa ndani ya vyumba vidogo mno vilivyozungushiwa kizio. Kila unapofuta na kuandika upya, elektroni hulazimishwa kupita kwenye kizio hicho, nacho hulika kidogokidogo. Chipu za zamani zilizohifadhi biti moja kwa kila chumba zilistahimili kufutwa karibu mara 100,000. Chipu za leo hubana biti tatu au zaidi katika chumba kimoja ili bei ishuke, na uvumilivu wake ni wa mara elfu chache, pengine hata mamia tu kwa zile za bei ya chini.

Ndani ya flashi kuna chipu nyingine, ndogo, inayosimamia kumbukumbu. Hiyo ndiyo inayojua sehemu zipi zimechoka na kuziweka kando. Sehemu za akiba zikiisha, flashi nyingi huchukua uamuzi mmoja: kusoma kunaruhusiwa, kuandika kunakatazwa. Kwa kuwa kufomati ni kuandika, nako kunakatazwa. Naliona tendo hilo kuwa la hisani. Flashi imekupa nafasi ya kutoa vitu vyako kabla haijazima moja kwa moja, na anayeipoteza nafasi hiyo kwa kujaribu programu kumi za kulazimisha kufomati anajidhulumu.

Utaitambuaje hali hiyo? Futa faili moja isiyo na maana, chomoa flashi, ichomeke tena. Faili ikirudi kana kwamba hukuigusa, chipu imejifunga na hakuna amri ya Windows itakayoifungua. Nakili vilivyomo, ununue nyingine.

Ila si kila kufuli ni la namna hiyo. Baadhi ya flashi zina kitufe cha ubavuni cha kuzuia kuandika, na kadi za SD zinazotumiwa na wapiga picha wa ufukwe wa Diani zinacho pia. Cha kushangaza, kitufe cha kadi ya SD hakijaunganishwa na kitu chochote ndani ya kadi. Ni plastiki tu. Kifaa kinachosoma kadi ndicho huhisi kiko upande gani na kuamua. Kikilegea, kadi nzima kabisa itaonekana imefungwa. Kipande kidogo cha selotepu kikifunika pengo lake, kadi huandikika tena. Vilevile kompyuta za ofisi nyingine zimewekewa katazo la kuandika kwenye flashi yoyote, kwa hiyo jaribu kompyuta ya pili kabla ya kulaumu flashi.

Je, wajua kwamba flashi inaweza kudanganya ukubwa wake? Ukiuziwa flashi ya terabaiti 2 kwa shilingi mia chache stendi ya Likoni au kwingineko, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani yake mna gigabaiti 8 au 16 tu, na chipu msimamizi imepangwa iseme uongo. Mwanzoni kila kitu hunakiliwa sawasawa. Nafasi ya kweli ikijaa, faili mpya huandikwa juu ya zile za kwanza au hutupwa tu, bila onyo. Kuifomati nzima hugoma au huleta vioja. H2testw, programu ya bure ya Kijerumani, hujaza flashi yote kisha huisoma upya na kukuambia ukubwa halisi. Wenye Linux hutumia F3. Fanya hivyo siku unaponunua, flashi ikiwa haina kitu.

Usichanganye ulaghai huo na tofauti ya kawaida ya hesabu. Flashi ya gigabaiti 16 husomeka kama 14.9, na ya 32 kama 29.8, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024.

Je, wajua kwa nini matatu ya Likoni–Ukunda hukataa flashi mpya ya gigabaiti 64 wakati simu inaisoma? Redio nyingi za magari, pamoja na zile spika ndogo za Kichina zinazopiga taarabu na kaswida madukani, zinaelewa mpangilio wa FAT32 peke yake. Flashi kubwa kuliko gigabaiti 32 mara nyingi hutoka kiwandani na exFAT, mpangilio ulioletwa na Microsoft mwaka 2006. Dereva anajaribu kuifomati iwe FAT32, na dirisha la Windows halimpi chaguo hilo. Hitilafu haimo kwenye flashi. Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, amesimulia kuwa aliliunda dirisha lile mwishoni mwa 1994 kama kitu cha muda, na kikomo cha gigabaiti 32 akakiweka yeye. Kikadumu miaka mingi. Rufus, programu ndogo ya bure, hukivuka kikomo hicho kwa dakika chache.

FAT32 ina mpaka wake wa kweli, hata hivyo. Ukubwa wa faili huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo faili moja haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Video ya harusi ya saa tatu iliyo faili moja, ikivuka hapo, itakataliwa hata flashi ikiwa na nafasi tele. Igawe vipande, au ifomati flashi kuwa exFAT ukijua kwamba redio ya gari haitaisoma.

Flashi za mwanzo zilizouzwa mwaka 2000 zilibeba megabaiti 8, sawa na picha mbili tatu za simu ya leo. Kebo ya intaneti ya TEAMS ilipotua Mombasa mwaka 2009 wengi walitabiri kuwa flashi imekwisha kazi. Kwale haijakwisha. Nyimbo za sengenya, sauti za wazee wa kaya, mihtasari ya vikundi vya akina mama, vingi vinatembea kwa flashi kutoka mkono hadi mkono na havina nakala nyingine popote. Hilo linanitia wasiwasi kuliko hitilafu yoyote niliyoitaja hapa, kwa sababu nakala ya pili haigharimu zaidi ya nauli ya kwenda na kurudi mjini.

Je, wajua amri ambazo fundi hutumia dirisha la kawaida likishindwa? Hufungua diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski, akiwa na ruhusa za msimamizi, kisha huandika "list disk", "select disk" na namba ya flashi, "attributes disk clear readonly", "clean", "create partition primary", na mwisho "format fs=fat32 quick". Hatua ya kuchunga ni ya pili. Ukikosea namba, "clean" itafuta ramani ya diski ya kompyuta yenyewe bila kukuuliza mara mbili. Tazama safu ya ukubwa: kwa mfano, ya gigabaiti 14 ndiyo flashi yako, ya 465 ndiyo kompyuta. Orodha ikionyesha flashi ina baiti 0 au haina kitu ndani, chipu msimamizi imeshindwa kuiona kumbukumbu, na amri hizi hazitafua dafu.

Folda zikigeuka njia za mkato usikimbilie kufomati vilevile. Ni virusi vilivyozificha. Amri "attrib -h -r -s /s /d" ikielekezwa kwenye flashi huzirudisha hadharani. Futa zile njia za mkato, kisha isafishe kompyuta iliyoambukiza.

Na je, wajua kwamba flashi iliyokataa kila kitu bado inaweza kuzungumza baada ya kutupwa? Iliyojifunga inasomeka na yeyote atakayeiokota. Hata iliyofomatiwa kwa haraka huwa imebadilishwa jedwali tu. Saiba inayohifadhi nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Fungua ganda, tafuta chipu ya kumbukumbu, kile kipande cheusi cha mstatili, ukiponde kwa nyundo mpaka kipasuke. Kuvunja ncha ya kuchomekea hakutoshi, kwani fundi mwenye chombo cha kulehemu huweza kuweka nyingine.