Pendekezo la Kazi ya Mwisho na Msimamizi Wake: Njia ya Mwanafunzi wa Kiswahili Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anavyoweza kuandaa pendekezo la kazi yake ya utafiti na kulifikisha kwa mwalimu atakayemsimamia. Mfano unaotumika ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na uwanja unaohusika ni Kiswahili kama kinavyosemwa katika mji huo. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Lubumbashi ni miongoni mwa miji mikubwa ya Kiswahili iliyo mbali kabisa na pwani, na Kiswahili chake kina historia na sura yake mahsusi. Pili, kazi ya mwisho ndiyo nafasi ya kwanza, na kwa wanafunzi wengi ndiyo ya pekee, ya kuchangia elimu badala ya kuipokea tu. Pendekezo likiandikwa ovyo, nafasi hiyo hupotea kabla kazi yenyewe haijaanza.

2.0 Chuo na Desturi ya Kazi ya Mwisho

Chuo hiki kiliundwa mwaka 1955, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi na lugha yakakusanywa Lubumbashi. Mwaka huohuo kilianzishwa Kituo cha Isimu Nadharia na Isimu Tumizi, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, CELTA. Mwaka 1981 muungano huo ulivunjwa, na chuo kikapata tena uhuru wake.

Kwa miongo mingi masomo yaligawanywa katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ilichukua miaka 3 na kumalizika kwa kazi ya mwisho wa mzunguko, yaani TFC. Ngazi ya pili ilichukua miaka 2 na kumalizika kwa tasnifu ndefu zaidi, iliyotetewa mbele ya watahini. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimekuwa vikiingia katika mfumo wa shahada tatu ujulikanao kama LMD. Majina ya ngazi yamebadilika, lakini maswali yanayomkabili mwanafunzi ni yaleyale: atafiti nini, kwa njia gani, na chini ya uangalizi wa nani?

Inafaa desturi hii ilinganishwe na ya kwingineko. Katika vyuo vingi vya Marekani, tasnifu ya shahada ya kwanza huandikwa na wale tu wanaowania shahada ya heshima. Wengine huhitimu bila ya kuiandika. Katika desturi ya Kongo kazi ya mwisho ilikuwa sharti kwa kila mwanafunzi. Tofauti hii ina matokeo yake. Pale ambapo wote wanaandika, mwalimu mmoja hubeba mzigo wa wanafunzi wengi kwa wakati mmoja, wala hana nafasi ya kumtafutia kila mmoja mada. Hivyo basi, pendekezo lililo wazi ni msaada kwa mwalimu kama lilivyo msaada kwa mwanafunzi.

3.0 Viungo vya Pendekezo

Desturi ya uandishi wa kitaaluma nchini Kongo imeweka viungo ambavyo hutarajiwa katika utangulizi wa kila kazi. Viungo hivyo ni: sababu za kuchagua mada na umuhimu wake; hali ya utafiti uliotangulia; tatizo la utafiti; nadharia tete; mbinu za utafiti; mipaka ya kazi; na mgawanyo wa sura. Pendekezo zuri ni lile linalogusa kila kimoja kwa ufupi, hata kama litakuwa na kurasa chache tu.

Ni kosa kuvichukulia viungo hivi kama visanduku vya kujazwa. Kila kimoja huzaa kinachofuata. Hali ya utafiti huonyesha yaliyokwisha kusemwa. Tatizo hutokana na yale yasiyosemwa au yaliyosemwa kwa mashaka. Nadharia tete ni jibu la muda la tatizo hilo. Mbinu ni njia ya kulijaribu jibu. Na mipaka hueleza ni wapi jaribio hilo linakoma. Ikiwa nadharia tete haiwezi kukanushwa na data yoyote ile, basi tatizo halijaelezwa vema. Kwa mfano, kauli kwamba "Kiswahili cha Lubumbashi kina umuhimu katika jamii" haina mtu atakayeikanusha, na kwa hiyo haina utafiti ndani yake.

3.1 Hali ya Utafiti

Mwanafunzi wa Lubumbashi hawezi kudai kwamba Kiswahili cha mji wake hakijaandikwa. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo hiki kabla na baada ya uhuru wa mwaka 1960, alikichunguza mapema. Walter Schicho wa Vienna alichapisha uchunguzi wake mwaka 1980, na mwaka uliofuata, akishirikiana na Mbayabo Ndala, alitoa kitabu kuhusu kundi la maigizo la Mufwankolo. Johannes Fabian, aliyefundisha hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alieleza mwaka 1986 jinsi Kiswahili kilivyotumiwa na utawala wa kikoloni huko Katanga, na mwaka 1996 alichapisha mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu kuhusu historia ya nchi. Mwamba Kapanga alishughulikia mabadiliko ya Kiswahili cha Shaba katika tasnifu ya mwaka 1991 huko Illinois. Vincent de Rooij naye, mwaka 1996, alichunguza matumizi ya viunganishi vya Kifaransa ndani ya Kiswahili hicho.

Orodha hii yenyewe inatoa somo. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo ilichapishwa mbali na Lubumbashi, kwa Kijerumani, Kiingereza au Kifaransa. Wenyeji wa mji huonekana humo zaidi kama wasemaji waliorekodiwa au wasaidizi wa watafiti kuliko kama waandishi. Kazi za mwisho za wanafunzi ni miongoni mwa maandishi machache yaliyofanywa mjini humohumo na watu waliokulia katika lugha hiyo. Kazi hizo hazichapishwi. Hukaa katika maktaba za idara na vitivo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayeandaa pendekezo anapaswa kuanzia kwenye rafu hizo kabla ya kuvifikia vitabu vya ng'ambo. Huko ndiko atakakojua ni nani aliyetangulia kuligusa swali lake, na aliliachia wapi.

4.0 Kutoka Mada Pana hadi Tatizo

Mada nyingi huja zikiwa pana mno. Tuseme mwanafunzi anapendekeza "Kiswahili cha Lubumbashi". Hiyo ni kazi ya maisha ya watu kadhaa. Akiipunguza na kuwa "Lugha ya masoko ya Lubumbashi", bado masoko ni mengi, na neno "lugha" linabeba sauti, msamiati, sarufi na adabu za mazungumzo. Hatua ya tatu yaweza kuwa "Viunganishi vya Kifaransa katika mazungumzo ya wauzaji wa soko la Kenya", yaani Kenya ambayo ni mojawapo ya wilaya saba za mji, si nchi yenye jina hilo. Hapo pana mahali, pana watu, na pana kipengele kimoja cha lugha.

Hata hivyo mada hiyo bado si tatizo. Tatizo hupatikana mwanafunzi anapouliza: je, muuzaji ambaye hakusoma Kifaransa shuleni hutumia maneno kama donc na parce que kwa namna ileile anayoyatumia mtu aliyesoma? Nadharia tete yaweza kuwa kwamba maneno hayo yamekwisha kuwa mali ya Kiswahili cha mji, na hivyo matumizi yake hayategemei elimu ya msemaji. Data yaweza kuithibitisha kauli hii au kuikanusha, na matokeo yoyote kati ya hayo mawili yatakuwa na faida.

Mipaka nayo yatakiwa ihesabiwe. Kunukuu saa 1 ya mazungumzo yaliyorekodiwa sokoni, penye kelele na watu wanaokatizana, huchukua saa nyingi za kazi. Ikiwa kila saa ya sauti itahitaji saa 8 za unukuzi, saa 10 za sauti zitataka saa 80 kabla ya uchambuzi kuanza. Hesabu kama hii, ikiwekwa katika pendekezo pamoja na ratiba, humwonyesha msimamizi kwamba mwanafunzi anajua uzito wa anachokiomba.

5.0 Suala la Unukuzi

Katika uwanja huu lipo suala moja ambalo halifai kuachwa mpaka wakati wa kuandika, nalo ni namna ya kuyaandika maneno ya wasemaji. Kiswahili cha Lubumbashi husema mutu au muntu pale ambapo Kiswahili sanifu husema mtu, na bintu pale panaposemwa vitu. Mazoea huonyeshwa kwa kiambishi tamati, kama katika anasemaka, ambacho Kiswahili sanifu hakina. Upatanisho wa ngeli nao hufuata njia nyingine. Mwanafunzi aliyefundishwa darasani kwamba sarufi ni ile ya vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi huenda akaona haya mbele ya maneno hayo, akayasahihisha bila hata kujua anafanya hivyo. Akishayasahihisha, ameifuta data aliyokwenda kuitafuta.

Somo kubwa zaidi katika jambo hili linatoka katika matini iliyoandikwa mjini humo mwaka 1965. Matini hiyo, iitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville, ilikusanywa na André Yav kwa niaba ya watu waliowahi kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Ni historia ya mji, iliyosimuliwa kwa Kiswahili cha mji na kupigwa taipu bila ya kufuata kanuni za tahajia zinazofundishwa shuleni. Kwa macho tu, matini hiyo ilikuwa ngumu kueleweka. Fabian na Kalundi Mango, walioitoa pamoja na tafsiri yake mwaka 1990, waliona kwamba ilipaswa kusomwa kwa sauti kwanza. Kalundi Mango aliisoma, na sauti yake ikawa msingi wa kuigawa na kuifasiri. Maandishi yaliyoonekana kuwa na makosa yalikuwa kumbukumbu ya sauti, na ufunguo wake ulikuwa sikio la mzawa.

Kutokana na hayo, pendekezo linapaswa kutaja mapema mambo matatu: tahajia itakayotumika, namna ya kuyaonyesha maneno ya Kifaransa yanayochanganywa, na mahali rekodi zitakapohifadhiwa ili watafiti wa baadaye waweze kuusahihisha unukuzi wenyewe. Pia litaje ridhaa ya wasemaji. Muuzaji wa sokoni au mzee aliyestaafu migodini ana haki ya kujua sauti yake inakwenda wapi, na ana haki ya kukataa.

6.0 Kumwendea Msimamizi

Msimamizi achaguliwe kwa sababu ya uwanja wake, si kwa sababu ya upole au umaarufu wake. Katika mpangilio wa Kongo, profesa huongoza kazi, na mara nyingi humshirikisha mwalimu wa ngazi ya chini, aliye msaidizi au mkuu wa kazi, ambaye humfuatilia mwanafunzi kwa karibu. Inafaa mwanafunzi ajue tangu mwanzo ni nani atakayesoma rasimu na ni nani atakayeidhinisha, ili asije akapokea maelekezo mawili yanayopingana wakati muda umekwisha.

Mwanafunzi aende akiwa na ukurasa au kurasa mbili zilizoandikwa. Kauli kama "Profesa, naomba unipe mada" humwachia mwalimu kazi ambayo ndiyo mtihani wenyewe. Ni kweli kwamba mada inayotolewa na mwalimu yaweza kuwa nzuri, hasa ikiwa ni sehemu ya utafiti mpana wa idara. Lakini hata hapo mwanafunzi anapaswa kuitafutia tatizo lake mwenyewe, maana siku ya utetezi watahini humwuliza yeye. Heshima kwa mwalimu haimzuii mwanafunzi kutoa hoja. Humtaka aitoe kwa ushahidi.

Msimamizi naye ana wajibu. Anapaswa kusema wazi pale mada inapokuwa nje ya uwanja wake na kumwelekeza mwanafunzi kwa mwingine. Anapaswa kurudisha rasimu kwa wakati. Zaidi ya yote, asizitumie data za mwanafunzi katika makala yake bila kumtaja aliyezikusanya. Makubaliano juu ya jambo hili ni mepesi kufikiwa siku ya pendekezo kuliko siku ya kuchapisha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba pendekezo si hatua ya kiofisi inayopita kabla ya kazi. Ndilo linaloamua iwapo kazi itakuwa utafiti au nakala ya vitabu vya wengine. Kwa Lubumbashi jambo hili lina uzito wa pekee. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya mwaka 2006, na nchi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hivyo haja ya kukijua Kiswahili cha Kongo kama kilivyo inazidi kukua. Wakati huohuo wazee walioujua mji wa zamani, na waliozisikia habari za mwanzo wake kutoka kwa wazazi wao, wanazidi kupungua. Mwanafunzi anayeishi mtaa mmoja nao anawafikia kwa urahisi ambao mgeni hana. Akiwa na swali moja lililopimwa vema, tahajia inayoiheshimu sauti, na msimamizi anayeujua uwanja, kazi yake ya mwisho yaweza kuwa rejeo ambalo wengine watalazimika kulisoma kabla ya kuandika zao.