DAWA YA KUVU NI KUVU

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Leo twapenda kuwaambia ndugu zetu wakulima wa Handeni na Korogwe kwamba neno hilo ni kweli hata shambani.

Katika udongo wetu huishi kuvu iitwayo Aspagilasi. Mvua ikikatika wakati mahindi yanapozaa, na nchi ya Uzigua yaijua sana habari hiyo, kuvu hiyo hupanda kutoka ardhini, ikaingia katika punje na kuacha humo sumukuvu. Sumu hiyo haina ladha wala harufu, na kuipika hakuiondoi. Huharibu ini, na alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi aweza kupata saratani.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, wakafa 20. Kiteto ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopatwa. Nayo imepakana na Kilindi, iliyokuwa zamani sehemu ya Handeni. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Lakini wako jamaa wa kuvu hiyo hiyo wasio na sumu. Wataalamu waliwatafuta katika Tanzania yenyewe, wakawapaka juu ya punje za mtama zilizouawa kwa joto zisiote. Dawa hiyo, Aflasafe, iliandikishwa nchini mwaka 2018. Mkulima hutawanya kilo 4 kwa eka, juu ya udongo wenye unyevu, wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kuvu njema hutangulia, na mbaya ikija hukuta kiti kimekaliwa. Sumukuvu yaweza kupungua kwa asilimia 80 na zaidi.

Taabu ni kwamba sumu haionekani kwa macho. Sokoni gunia safi na gunia lenye sumu hupata bei moja. Nani basi atatoa fedha yake kwa faida asiyoiona? Twasema mkulima asiachwe peke yake. Vyama vya ushirika viagize dawa kwa pamoja. Wanunuzi wakubwa wapime nafaka na kuilipa iliyo safi zaidi. Naye mkulima asianike mahindi juu ya ardhi tupu, wala asiyatie ghalani mabichi, kwani dawa ya shamba haifuti uzembe wa ghalani.

Mtoto anywaye uji asubuhi hawezi kuupima unga wake. Kazi hiyo ni yetu sisi wazee wake.