Msongo wa Mawazo na Kumbukumbu: Anayesahau Dawa Si Lazima Awe Mzembe

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, hutokea mgonjwa akarudi na vidonge vilivyosalia, akaeleza kuwa alisahau kuvimeza. Neno linalotujia upesi ni uzembe. Kabla ya kulitamka, yafaa tuuangalie ubongo wake.

Mtu anapokabiliwa na tishio, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, zikamwaga kortisoli katika damu. Homoni hii hupandisha sukari na kuuandaa mwili kujihami. Tishio likipita, ubongo huuzima mfumo huo. Hadi hapo hakuna ugonjwa. Bila kortisoli binadamu hawezi kuishi.

Taabu huanza tishio lisipopita: deni lisilolipika, ugomvi wa ndoa, kuuguza mzazi kwa miezi mingi. Mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kuwa homoni ya msongo ya panya hufyonzwa kwa wingi na hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu mpya. Uchunguzi wa baadaye kwa wanyama ulibainisha kuwa msongo wa muda mrefu hufupisha matawi ya seli za neva katika hipokampasi na katika gamba la mbele la ubongo, linaloongoza umakini na mipango. Ndipo mtu husahau miadi, hushindwa kufuata maelezo marefu, na usingizi humpaa.

Habari njema ni kwamba madhara haya yanaweza kupungua. Mwaka 2009, watafiti wa New York waliwapima wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani mkubwa. Uwezo wao wa kuhamisha umakini ulikuwa umedhoofika. Baada ya mwezi mmoja wa kupungukiwa na msongo, ulirejea. Vilevile, kwa wagonjwa wa Cushing, ambao miili yao huzalisha kortisoli kupita kiasi, hipokampasi huongezeka ukubwa baada ya tiba kuishusha homoni hiyo.

Kwa mtoa huduma, funzo ni hili: mgonjwa anaposahau, muulize analalaje, ana mzigo gani, na kama bado anafurahia yaliyokuwa yakimfurahisha. Huzuni au kukosa raha kwa wiki mbili au zaidi kunahitaji uchunguzi wa sonona. Kumbuka pia sababu nyingine za usahaulifu, kama vile upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya thairoidi na baadhi ya dawa. Toa maelezo mafupi, yaandike, na umwombe ayarudie kwa maneno yake.

Kwa mgonjwa: usione haya kusema kwamba umesahau, wala usimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia bila kuuliza. Funga dawa na jambo ufanyalo kila siku, kama vile kupiga mswaki. Tembea kwa miguu, lala kwa saa za kawaida, na umweleze mtu unayemwamini yanayokulemea. Likikujia wazo la kujidhuru, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.

Lawama huongeza msongo juu ya msongo. Swali la upole ni sehemu ya tiba.