Papa Hafiki Bukoba, Mamba Yupo

Papa aliye karibu zaidi na ufukwe wa Bunena, mjini Bukoba, yuko Bahari ya Hindi, takriban kilomita 900 ukikata moja kwa moja. Si kwamba maji baridi yanawashinda papa wote. Iko aina moja, mnene wa mwili na mfupi wa pua, ambayo mwili wake unaweza kudhibiti chumvi hata ukiwa mtoni. Huyo hupanda mto Zambezi, huingia Ziwa Nicaragua kule Amerika ya Kati, na amewahi kunaswa mto Amazon upande wa Peru, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka baharini.

Kwetu amezuiwa na mlima wa maji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mlango wake pekee wa kutokea ni Nile, pale Jinja. Njiani kuna maporomoko, yakiwemo yale ya Murchison nchini Uganda, ambako mto mzima hujibana kwenye ufa wa mita chache na kuanguka zaidi ya mita 40. Hakuna samaki wa kupanda hapo. Mamba, mwenye miguu minne na mapafu, hutoka majini, akazunguka kwa nchi kavu na kuendelea na safari yake. Wataalamu waliochimba tope la sakafu ya ziwa wamekuta dalili kwamba lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Mamba tunaowaona leo ni uzao wa waliorudi maji yaliporudi.

Kwa hiyo mtu wa Bukoba au Muleba anayemwogopa papa kwa sababu ya sinema anaogopa mnyama asiye wake. Mwaka 2024, kumbukumbu za kimataifa zinazotunzwa Florida, Marekani, zilihesabu mashambulizi 47 ya papa dhidi ya watu ambao hawakumchokoza, dunia nzima, na waliokufa katika hayo walikuwa wanne. Mamba wa Nile, ndiye huyuhuyu wa ziwani kwetu, hukadiriwa kuua mamia ya watu barani Afrika kila mwaka. Wala wengi wao hawakuwa wakiogelea kwa starehe. Walikuwa wakiteka maji, wakifua, wakinywesha ng'ombe au wakivuta nyavu huku maji yakiwafika magotini.

Mamba dume aliyekomaa hufika mita nne hadi tano na uzito wa mamia ya kilo. Maisha yake huanza kwenye yai lililofukiwa mchangani pamoja na mengine kama 50, kwa miezi karibu mitatu. Jinsia haijulikani yai linapotagwa, kwani huamuliwa na joto la mchanga: kiwango fulani, karibu nyuzi 32 hadi 34, hutoa madume, na chini ya hapo hutoka majike. Mama hulinda shimo siku zote hizo akila kidogo sana, kisha akisikia watoto wanalia ndani ya mayai hufukua na kuwabeba kinywani hadi majini. Kinywa hichohicho! Hata hivyo kenge, ndege na samaki wakubwa huwamaliza karibu wote. Mamba wa mita tano ni mmoja wa wachache walionusurika kuliwa.

Kuhusu taya, Gregory Erickson na wenzake walichapisha mwaka 2012 vipimo vya nguvu ya kuuma vya aina zote 23 za jamii ya mamba zilizojulikana wakati huo. Aliyeongoza, mamba wa maji chumvi wa Australia na Asia, alibana kwa nguvu sawa na mzigo wa zaidi ya kilo 1,600. Wa Nile si wa kubezwa katika orodha hiyo. Lakini misuli ya kufungua kinywa ni dhaifu kiasi kwamba wanaowakamata hufunga taya kwa kamba au utepe na mambo yakaisha. Meno yake, zaidi ya 60, ni ya kushika wala si ya kukata. Ndiyo maana akikamata windo kubwa hujizungusha kwa mwili wote ndani ya maji: hana njia nyingine ya kunyofoa kipande. Na anaweza kushika windo kinywa wazi chini ya maji bila kunywa hata tone, maana kooni mna kipande cha nyama kinachoziba njia ya maji.

Kwa maoni yangu, taya siyo sehemu yake ya kutisha kuliko zote. Tazama ngozi ya uso wake: ina vidoa vidogo vyeusi, mamia kwa mamia. Mwaka 2002 mtafiti Daphne Soares aliwaweka aligeta, jamaa wa mamba wa Marekani, gizani, akawaziba masikio, kisha akadondosha tone moja la maji. Waligeuka kulielekea. Alipovifunika vile vidoa, hawakugeuka. Mamba wa Nile anavyo usoni na hata mwilini. Ndoo inapotumbukizwa asubuhi kabla jua halijachomoza, yeye hahitaji kukuona. Mtikisiko wa maji umekwishamfikia.

Anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya nusu saa akiwa ametulia, mapigo ya moyo yakiwa yamepungua. Akitokeza, hutokeza macho na pua tu. Na kwa sababu mwili wake hautumii chakula kujipasha joto, mlo mmoja mkubwa humtosha majuma mengi. Mnyama wa namna hiyo ana kitu ambacho simba hana: muda. Anaweza kuiangalia njia moja ya maji siku baada ya siku, ajue watu wanashukia wapi, saa ngapi, na wanainamia upande gani. Tunamwita mkali, lakini ukali wake ni wa nusu dakika tu. Anachowinda hasa ni mazoea.

Kisa kinachojulikana zaidi ziwani humu kilitokea kijiji cha Luganga, upande wa Uganda. Mamba mmoja mkubwa, watu wakampa jina la Osama, alihesabiwa kuwa ameua zaidi ya watu 80 katika miaka mingi. Hesabu hiyo ni ya wanakijiji, na inawezekana kabisa kwamba mamba kadhaa walibebeshwa dhambi za mmoja. Alikamatwa mwaka 2005. Badala ya kuuawa alipelekwa kwenye shamba la kufuga mamba kwa ajili ya ngozi, akawe dume la kuzalisha.

Biashara ya ngozi ndiyo iliyokuwa karibu kuwamaliza katikati ya karne iliyopita. Mwanasayansi Mwingereza Hugh Cott, aliyewachunguza mamba wa Uganda na Zambia ya leo na kuchapisha kazi yake mwaka 1961, alionya kwamba wanatoweka. Alionyesha pia jambo linalosahaulika mpaka leo: mamba wadogo hula wadudu na vyura, wa kati hula zaidi samaki, na ni wale wakubwa tu wanaogeukia wanyama wa ukubwa wa mtu. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini ulipoanza kutumika 1975, uwindaji ulibanwa. Mamba wakarudi. Na huku nyuma idadi ya watu kwenye mialo ilikuwa imepanda, nyavu zimekuwa nyingi, samaki wakubwa wamepungua. Wawili hawa sasa wanagombea ukanda uleule wa maji mafupi.

Ukanda huo ndio wa kuuangalia. Mbele ya mji wa Bukoba, kwenye mchanga mweupe wenye watu na kelele mchana kutwa, mamba hana pa kujificha kwa urahisi. Mambo hubadilika penye matete na mafunjo, kwenye midomo ya mito, na penye mwalo mdogo wa visiwa vya Muleba kama Bumbire, Ikuza au Goziba, ambako kichwa cha samaki na matumbo ya sangara hutupwa palepale watu wanapochotea maji. Ukitupa uchafu wa samaki mahali unapoinamia, unamwita. Kuhamisha sehemu ya kuparia samaki ni hatua isiyo na gharama, nami sielewi kwa nini haitangulii nyingine zote.

Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, imejenga vizimba majini katika baadhi ya maeneo yenye mamba: uzio wa nondo na nyavu za chuma, watu wakachota ndani yake. Panapokosekana kizimba, teka kwa ndoo yenye kamba ukiwa umesimama mbali na ukingo, badilisha mahali na saa, usiingie alfajiri, jioni wala usiku, na usimtume mtoto peke yake. Mbwa majini ni mwaliko vilevile. Akikushika, usingoje: macho ndiyo sehemu yake laini, yachome kwa chochote ulicho nacho, vidole ikibidi. Mamba akionekana kwenye mwalo, apewe taarifa ofisa wanyamapori wa wilaya. Kumuua kiholela ni kosa kisheria, na mara nyingi anayeuawa siye aliyefanya.

Kiboko anastahili makala yake mwenyewe. Hali nyama, lakini ukikaa kati yake na maji usiku anaporudi kutoka malishoni, au mtumbwi ukimpita juu, hana mazungumzo. Na mawimbi ya Ziwa Victoria yanaua wengi kuliko wanyama wote hao, kwa sababu mtumbwi umejaa kupita kiasi na boya la kujiokoa limeachwa nyumbani.

Liko jambo moja linalovuruga ushauri wangu wa saa. Mamba huogopewa zaidi katika mwanga hafifu, kwa hiyo mtu mwenye akili atasema anakwenda kuoga saa sita mchana, jua likiwa kali. Saa hizohizo ndipo konokono wa ziwani humwaga kwa wingi viluwiluwi vya kichocho cha tumbo. Hutoboa ngozi ndani ya dakika chache, bila maumivu ya kutajika, na miaka baadaye ini na wengu huvimba. Dawa ipo, prazikwanteli, ya kumeza mara moja kwa kipimo cha uzito, na wanafunzi wa ukanda wa ziwa hupewa mashuleni. Lakini anayerudi kwenye maji yaleyale huambukizwa tena. Viluwiluwi hivyo kwa kawaida haviishi zaidi ya siku moja hadi mbili bila kupata mwili wa kuingia. Maji ya ziwa yaliyotekwa kwa kamba na kukaa kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili kamili, bila konokono ndani, yanaweza kuogewa saa yoyote, nyuma ya nyumba.